Lenzi Fupi kwa Kamera Ndogo

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kuchagua lenzi, yaani lile jicho la kioo lililo mbele ya kamera. Na hasa lenzi fupi, nyembamba, ifaayo kamera ndogo ya filamu.

Yamkini yuko anayenung'unika sasa hivi, akisema, "Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha, ya nini kuhangaika na filamu?" Hatubishani naye. Walakini filamu ingali ikitengenezwa, Uingereza na Marekani na kwingineko, na wako vijana wanaoipenda upya. Tena zimo nyumbani mwetu kamera za baba na wajomba zetu, zimelala masandukuni tangu wenyewe walipozeeka au walipofariki. Na mara nyingi kamera i nzima kabisa, ila lenzi yake imepotea au imeliwa na ukungu. Mwenye kurithi kamera ya namna hiyo ana kitu kimoja tu cha kununua, na pesa zake pengine ni za kununua mara moja. Akinunua isiyofaa, kamera ya baba itarudi sandukuni, na nyuso alizotaka kuzihifadhi zitapita bila ya picha. Ndiyo sababu twaona yafaa tuzungumze.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini watu walitaka udogo. Hapo zamani kamera zilikuwa makasha makubwa ya mbao, zikipiga picha juu ya bamba za kioo, na mpiga picha alihitaji miguu mitatu ya kusimamishia, na pengine mchukuzi. Huko Ujerumani, katika mji wa Wetzlar, palikuwa na fundi jina lake Oskar Barnack, mtumishi katika kiwanda cha Ernst Leitz. Bwana huyu alipenda sana kutembea na kupiga picha, lakini alikuwa na maradhi ya pumu, na mzigo wa kamera kubwa ulimtaabisha. Akafikiri kuitumia ile filamu nyembamba ya sinema, yenye upana wa milimita 35, akatengeneza kamera ya kutia mfukoni, ambayo picha zake zilikuwa na kimo cha milimita 24 na urefu wa milimita 36. Kielelezo cha kwanza kilikuwa tayari kabla ya Vita Kuu ya 1914 kupamba moto. Kamera yenyewe, ikiitwa Leica, ikaonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Kipimo hicho cha 24 kwa 36 ndicho kipimo cha kamera nyingi ndogo mpaka leo.

Lakini kamera ndogo yenye lenzi ndefu bado si kamera ndogo. Hapo alitokea bwana mwingine wa kiwanda kile kile, Max Berek, mtaalamu wa hesabu za nuru, akaitengenezea Leica lenzi ambayo punde ikaitwa Elmar. Lenzi hii huingia ndani ya kamera kama sehemu za darubini ya nahodha zinavyoingiliana. Ukitaka kupiga picha huivuta nje na kuizungusha kidogo ili ikaze. Vipande vyake vya kioo ni vinne tu, viwili vyake vimegandishwa pamoja. Mpango wa vipande vinne kama huo ulikwisha kujulikana tangu 1902, pale Paul Rudolph wa kiwanda cha Zeiss mjini Jena alipobuni lenzi iitwayo Tessar. Hata leo, ukikuta lenzi nyembamba ya bei ya kiasi, huenda ukaifungua ukakuta ndani yake wazo hilo hilo la Rudolph. Twakushauri, hata hivyo, usiifungue.

Sasa hatuna budi kueleza namba mbili zilizoandikwa usoni pa kila lenzi, maana asiyezijua hununua kama mtu anunuaye ng'ombe usiku.

Namba ya kwanza ni umbali wa fokasi, nayo huandikwa kwa milimita: 28, 35, 40, 50 na kadhalika. Chukua kioo cha kukuzia maandishi, ukielekeze kwenye mti ulio mbali, na nyuma yake uweke karatasi nyeupe. Sogeza karatasi mbele na nyuma mpaka sura ya mti ionekane wazi juu yake, kichwa chini miguu juu. Umbali ulio baina ya kioo na karatasi ndio umbali wa fokasi. Ukiwa mfupi, picha huchukua mambo mengi kwa upana. Ukiwa mrefu, huchukua machache na kuyaleta karibu. Kwa picha ya 24 kwa 36, urefu kutoka pembe hata pembe ni kama milimita 43, na lenzi iliyo karibu na kipimo hicho huonyesha mambo kwa namna isiyolishangaza jicho. Kwa hiyo lenzi za 40, 45 na 50 huitwa za kawaida.

Namba ya pili ni ya tundu. Ndani ya lenzi mna vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la kupitishia nuru, kama mboni ya jicho la paka. Namba ya tundu hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la upana wa milimita 25 ina namba 2. Tundu likiwa milimita 12 na nusu, namba ni 4. Angalieni basi, watoto wa shule: namba ikizidi, tundu limepungua. Tena upana ukipungua nusu, nuru haipungui nusu, bali hubaki robo. Aliyejifunza kupima eneo la duara atajua sababu bila kuambiwa.

Hapa ndipo siri ya lenzi fupi ilipo. Tundu kubwa lahitaji vioo vipana, na vioo vipana huleta kasoro pembeni mwa picha, na kasoro hizo huondolewa kwa kuongeza vioo vingine. Kila kioo ni uzito, na urefu, na bei. Mtengenezaji atakaye lenzi nyembamba husema, "Basi, tundu lisizidi 2.8," naye hapo hupata nafasi ya kutumia vioo vichache. Kwa hiyo mnunuzi wa lenzi fupi analipa kwa nuru. Je, ni malipo ya haki? Tutalijibu swali hilo baada ya kitambo.

Lakini kwanza wengine huuliza, mbona lenzi nyembamba kabisa, zile zinazofanana na chapati, nyingi zina milimita 40 au 45, wala si 28 au 35? Mtu angedhani kwamba umbali mfupi huleta lenzi fupi. Jibu lake limo ndani ya kamera. Kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha zina kioo cha kuakisi kilichowekwa mshazari nyuma ya lenzi. Hicho ndicho kinachopeleka sura juu, machoni pako, nacho huruka juu unapobonyeza kifungo. Kioo hicho chahitaji nafasi ya kurukia. Katika kamera za Nikon za namna hiyo, kutoka mdomo ambapo lenzi hufungwa hata kwenye filamu ni milimita 46 na nusu; za Olympus OM ni 46; na za Pentax ni kama 45 na nusu. Lenzi ya 40 au 45 hukaa karibu na mahali pake pa asili, basi yaweza kutengenezwa kwa vioo vichache. Lakini ya 28 ingepaswa kukaa ndani kabisa, pale kioo kinaporukia, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo watengenezaji huizungushia nuru kwa hila ya vioo vya ziada mbele, nayo hurefuka. Kamera za namna ya Leica, zisizo na kioo hicho, hazina taabu hii. Katika Leica ya namna ya M, kutoka mdomo hata filamu ni milimita 27.8 tu, ndiyo maana lenzi za 35 na hata za 21 kwa kamera hizo zaweza kuwa ndogo kama kizibo cha chupa kubwa.

Kwa wenye kamera zenye kioo, basi, lenzi nyembamba ni chache, na zinajulikana. Nikon walitoa moja mwaka 1969, ya milimita 45 na tundu 2.8, ambayo tundu lake liliweza kufungamanishwa na pete ya umbali kwa ajili ya kupiga picha kwa taa ya mwako. Pentax walitoa ya milimita 40 na tundu 2.8 mwaka 1976, pamoja na kamera zao ndogo. Olympus wakafuata katika miaka ya 1980 na ya milimita 40 yenye tundu 2, nyembamba kama sanduku la kiberiti lililosimamishwa ubavu. Na hiyo leo yatafutwa mno na wakusanyaji wa vitu adimu, hata bei yake imepita kiasi cha mtu wa kawaida. Sisi hatuoni sababu ya mpiga picha kumlipa mkusanyaji gharama za mapenzi yake.

Turudi sasa kwenye swali la nuru. Nchi zetu zina jua, na jua hilo ni rafiki mkubwa wa lenzi ndogo. Iko kanuni ya zamani ambayo wapiga picha huitumia wasipokuwa na kipima nuru: jua likiwa kali na kivuli kimekoza, weka tundu 16, na mlango wa kamera ufunguke kwa kasi iliyo sawa na namba ya filamu. Filamu ya 100 yataka 1/100 ya sekunde, au 1/125 iliyo karibu nayo. Filamu ya 400 yataka 1/500. Sasa fikirini. Kamera nyingi za zamani kasi yao ya mwisho ni 1/1000. Mtu aliyetia filamu ya 400, akiwa sokoni saa saba mchana, ataweka 1/1000 na tundu 11. Akilifungua tundu mpaka 2.8, nuru itazidi mara 16. Kwa hiyo yule aliyenunua lenzi kubwa yenye tundu 1.4, na yule mwenye lenzi nyembamba ya 2.8, wote wawili mchana kutwa wanapiga picha kwa tundu moja. Mmoja wao anachukua mzigo wa bure.

Tena tundu dogo lina faida nyingine. Lenzi ya milimita 40, ikifungwa mpaka 11 na kuwekwa kwenye umbali wa meta 5, huonyesha vizuri kila kitu kuanzia kama meta mbili na nusu mpaka upeo wa macho. Mtu huweka umbali huo asubuhi, akaisahau pete, akaenda zake mnadani au ufukoni panapoanikwa dagaa, na kila linalotokea mbele yake hulichukua papo hapo. Watoto hawamngojei mtu azungushe pete.

Lakini jua huzama saa kumi na mbili jioni, na hapo mambo hugeuka. Katika nyumba yenye taa moja ya umeme, filamu ya 400 na tundu 1.7 huenda zikataka 1/30 ya sekunde, na mkono uliotulia waweza kustahimili hiyo. Kwa tundu 2.8, nuru ile ile itataka kasi iliyo baina ya 1/15 na 1/8, na hapo pumzi ya mpiga picha peke yake yatosha kuichafua picha. Mwenye simu au kamera ya kisasa hupandisha namba ya unyetivu kwa picha moja, akaishusha kwa picha ifuatayo. Mwenye filamu hawezi. Aliyoitia asubuhi ndiyo aliyo nayo usiku, mpaka picha zake 36 ziishe.

Natutoe mfano. Tuseme yuko mwalimu aliyerithi Pentax MX ya marehemu baba yake. Ni kamera nzuri, iliyotoka 1976, yenye uzito wa gramu 495, na mlango wake hufanya kazi hata betri ikiisha, maana betri ni ya kipima nuru tu. Lenzi imeharibika. Mwalimu amesikia sifa za ile 40 nyembamba: unene wake milimita 18, uzito gramu 110. Anaiona katika picha, anaitamani. Na haki yake kuitamani. Ukiifunga kwenye MX, kamera huingia katika mfuko wa koti.

Sisi twamwuliza mwalimu swali moja kabla hajatoa pesa: ni picha gani hasa anazozitaka? Akijibu kwamba atatembea na wanafunzi mashambani, atapiga michezo, mavuno na safari, tutamwambia anunue 40, na aivae shingoni daima, kwa kuwa kamera iliyo nyepesi huchukuliwa hata siku ambayo mtu hakukusudia kupiga picha. Lakini akijibu kwamba mama yake ni mzee, haketi nje mchana kwa sababu ya macho yake, hutoka barazani magharibi tu na kusimulia hadithi kwa wajukuu mpaka usiku, basi jibu letu hugeuka. Mama huyo hatapigwa picha saa saba mchana. Mwalimu na aitafute lenzi ya Pentax ya milimita 50 yenye tundu 1.7, ya jamii ile ile ya M. Unene wake ni milimita 31, uzito wake gramu 185. Tofauti yake na ile nyembamba ni milimita 13, yaani upana wa kidole, na gramu 75. Kwa upana wa kidole atapata nuru iliyozidi mara mbili na nusu.

Na hili wauzaji hawapendi kulisema: ile ya 50 mara nyingi ni rahisi kuliko ile nyembamba. Zilitengenezwa kwa wingi mno, kwani ziliuzwa pamoja na kamera zenyewe. Kila aliyenunua kamera alipata moja. Watu huzidharau kwa kuwa ni za kawaida. Akili yetu yatuambia kwamba lenzi isiyo ndefu kupita ngumi, yenye tundu kubwa, na ya bei ndogo, ni ununuzi usiotafutiwa mwingine kwa mtu mwenye pesa za mara moja, isipokuwa ana sababu iliyo wazi ya kutaka nyembamba kabisa. Wako watakaotupinga, na apingaye, mfuko ni wake.

Tena ile nyembamba ina udhia wake mdogo ambao matangazo hayautaji. Pete yake ya umbali ni nyembamba mno, kidole kinene huitafuta, na mwenye haraka mara huigusa pete ya tundu asitake. Kadhalika ile Elmar ya zamani: kidude cha kugeuzia tundu kimo usoni pa lenzi, kidogo kama punje ya mtama, na mtu hawezi kukigeuza bila kuigeuza kamera imtazame yeye. Na asahauye kuivuta nje kabla ya kupiga, filamu nzima hutoka ukungu mtupu.

Jambo la mdomo wa lenzi tutalipitia upesi, ila ni la lazima. Lenzi ya Nikon haifungiki katika Pentax, wala ya Olympus katika Nikon. Kila ukoo una mdomo wake. Leica za zamani zenye lenzi za kubadilisha zilifungiwa lenzi kwa kuzungushwa kama mfuniko wa chupa, na tangu Leica M3 ya mwaka 1954 hufungwa kwa meno. Lenzi za kuzungushwa zaweza kuvalishwa pete ya kuunganishia zikafaa kamera za meno, lakini za meno hazirudi nyuma kufaa zile za kuzungushwa. Na lenzi za Leica hazifai kamera zenye kioo cha kuakisi, kwa sababu ile tuliyokwisha kueleza. Yeye aliye na Leica CL ya mwaka 1973 au Leica M5 asiisukume ndani lenzi ya kuvuta kama Elmar, maana katika kamera hizo mna mkono mdogo wa kipima nuru nyuma ya lenzi, nao waweza kuvunjwa.

Mjihadhari pia na vitu vya kughushi. Katika Umoja wa Kisovieti, tangu miaka ya 1930, zilitengenezwa kamera ziitwazo FED, na baadaye Zorki, kwa mfano wa Leica, nazo zilikuwa na lenzi ya kuvuta iitwayo Industar, milimita 50, tundu 3.5. Lenzi hiyo yenyewe si mbaya hata kidogo. Kwa mtu asiye na pesa nyingi, yafaa sana. Lakini watu wadanganyifu huzifuta kamera na lenzi hizi majina yake, wakachora jina la Leica, pengine na nembo za vita, wakaziuza kwa bei ya Leica. Dhahabu iking'aa mno juu ya kamera ya zamani, mnunuzi na arudi nyuma hatua mbili.

Karibu lenzi zote tulizozitaja zimekwisha kuwa za mitumba. Basi mnunuzi aende na kurunzi. Alifungue tundu lote, aiweke kurunzi upande mmoja, achungulie upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Mikwaruzo miwili mitatu usoni si neno kubwa, ingawa muuzaji aweza kupunguza bei kwa ajili yake. Lakini akiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au mizizi inayotambaa kutoka ukingoni, huo ni ukungu uliomea, nao hula ule utando wa rangi ya zambarau au samawati uliopakwa juu ya vioo. Utando huo hupunguza nuru inayorudi nyuma; Alexander Smakula wa Zeiss ndiye aliyeuvumbua, mwaka 1935. Lenzi za kabla ya hapo hazina, na zikielekezwa karibu na jua picha hufifia kama iliyotiwa maziwa. Mwenye lenzi kama hiyo na aifunike kivuli kwa mkono wake wa kushoto.

Kisha azungushe pete ya tundu na kuangalia vibati: viwe vikavu. Vikiwa na mafuta yanayong'aa, hukawia kufunga, na picha huzidi nuru bila mtu kujua sababu. Azungushe pete ya umbali kutoka mwanzo hata mwisho. Iende kwa ulaini na kwa uzito ulio sawa, isikwaruze. Aitikise karibu na sikio lake. Muuzaji asiyeruhusu mambo haya, na aagwe kwa heshima.

Linalobaki ni kuitunza. Wakaao pwani, Mombasa na Tanga na Unguja, wanajua jinsi hewa ya bahari inavyoota katika kila kitu. Ukungu wa lenzi hupenda giza, joto na unyevu, na mfuko wa ngozi uliofungwa ndani ya kabati humpa yote matatu. Mwalimu wetu asiiweke lenzi humo, hata kama mfuko ni wa baba na una jina lake. Na atafute kopo lenye mfuniko wa kukaza, atie ndani yake vile vifuko vya chembe za kukaushia unyevu vinavyopatikana katika masanduku ya viatu vipya na ya dawa, na alaze lenzi juu yake, kifuniko cha nyuma kikiwa mahali pake. Chembe hizo zikikaa sana hulewa maji, hazifai tena mpaka zibadilishwe. Wakaao bara, penye vumbi, shida yao ni nyingine: wasiifute lenzi kwa pindo la shati, kwa maana vumbi ni mchanga, na mchanga hukwaruza. Wapulize kwanza kwa mpira wa kupulizia, kisha wafute kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, polepole, kutoka katikati kwenda nje.

Lenzi isiyotumika huharibika mbele ya ile itumikayo. Hata asipokuwa na filamu, mwalimu na aitoe koponi kila juma, azungushe pete zake zote mbili, achungulie kwa kurunzi, airudishe. Juma lijalo, wakati kama huu, tutazungumza nanyi juu ya kusafisha filamu nyumbani, kwa ndoo mbili za maji na chumba kisicho na dirisha.